Mti wa Bija wa Mjomba Gye-hwa

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, nanyi wageni mliovuka maji kutoka bara, mimi ni Kang Du-ho, mjukuu wa marehemu, mtoto wa pili wa mwanawe wa kwanza, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, ingawa shule niliiacha kabla ya kumaliza, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Naomba mkae, hata mliosimama pale mlangoni, maana Bibi aliishi miaka mingi na nyama huko nje bado haijaiva.

Najua mnachongojea. Tangu msiba huu uanze, kila aliyekuja ameinama mbele ya picha ya Bibi, amefuta machozi, kisha shingo imegeuka yenyewe kuutazama mti wa bija ulio uani kwetu, na kuna bwana mmoja mgeni, sitamtaja kwa kuwa simjui jina, ambaye jana aliukumbatia mti ule akisema ana uchungu, lakini mimi nilikuwa nyuma yake na niliviona vidole vyake vikitambaa kwenye gome kupima unene. Kijiji kizima kimeshasikia kwamba maneno ya mwisho ya Bibi yalikuwa mti apewe Mjomba. Wageni wa bara mfahamu kwamba huku kisiwani mkubwa yeyote, mwanamume kwa mwanamke, ndugu au si ndugu, tunamwita Mjomba, hata Bibi mwenyewe kijiji kilimwita Mjomba Gye-hwa, kwa hiyo leo humu ukumbini nina wajomba wasiopungua arobaini, na naona wote wamewahi viti vya mbele. Jina la huyo Mjomba nitalitaja, lakini litakuja mahali pake, kwa sababu bila kumjua marehemu hamtaniamini, na mkinishuku sitawalaumu, Bibi angefanya vivyo hivyo.

Marehemu Bu Gye-hwa alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1937, hapa hapa kitongoji cha Saemi, mashariki ya kisiwa cha Jeju, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee wa marehemu Bu Chang-ho na marehemu Hyeon Jeong-saeng, waliokuwa wakulima wa mtama na viazi vitamu na wafugaji wa nguruwe mmoja mweusi aliyeishi chini ya choo, kama ilivyokuwa kila nyumba wakati ule, akila kinachodondoka, mbolea yake ikienda shambani, mazao ya shamba yakirudi mezani, na kwa njia hiyo minyoo ya kijiji hiki ilikuwa ikitembeleana kwa upendo kuliko wenye matumbo yao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1946, na hakuimaliza, kwa sababu yaliingia majira ya baridi ya mwaka 1948, ule mwaka ambao wazee wa huku wakiutaja hushusha sauti na kutazama dirisha, shule ikaungua, na mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, Hyeon Gil-su, aliyekuwa amejificha katika pango kule juu ya kijiji, akachukuliwa na askari asubuhi moja na hakurudi tena. Kuna mtu aliyeonyesha njia ya pango. Ilinong'onwa kwamba ni mzee Go, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, ikanong'onwa vilevile kwamba ni fulani na fulani, na hakuna kilichothibitishwa hadi leo. Bibi alikuwa na miaka kumi na moja, na nadhani ndipo alipoanza tabia yake ya kumtazama mtu mikononi kabla ya kumtazama usoni.

Tarehe 3 Machi 1958 marehemu alifunga ndoa na marehemu babu yetu, Kang Sun-bae, na hapa lazima niseme ukweli, kwamba Bibi hakumkubali siku ya kwanza, maana alipoletwa kuonana naye alimwona anajikuna pale mtu asipojikuna mbele ya wakwe, akamshuku, akamtumia kifuko cha mbegu za bija na masharti kwamba azitafune asubuhi kabla hajala chochote, na asirudi hadi ahakikishe. Babu alirudi baada ya siku chache akiwa mwepesi na mwenye adabu, na mpaka anakufa alikuwa akituambia kwamba wanaume wengine walioa wanawake waliowajua kwa sura, yeye alioa mwanamke aliyemjua hadi matumboni. Mungu aliwajalia watoto wawili, baba yangu Kang Yeong-ik, aliyezaliwa mwaka 1961, na shangazi yangu Mi-ran, aliyezaliwa mwaka 1964, na wajukuu watano, mzuri kuliko wote akiwa ndiye anayewasomea.

Kuhusu kazi, marehemu alilima karoti na vitunguu saumu, na baadaye aliajiriwa katika banda la kuoshea karoti hadi alipostaafu mwaka 2005, lakini kazi iliyomtangaza ni dawa ya minyoo, aliyoirithi kwa mama mkwe wake pamoja na mti wenyewe. Mbegu za bija hazichumwi, zinaokotwa zikishaanguka zenyewe, zinaoshwa ule utomvu unaonata, zinaanikwa juani, zinakaangwa kwa moto mdogo, na ile ngozi ya ndani yenye ukakasi inamenywa kwa ukucha, halafu mgonjwa anatafuna kiganja kizima tumbo likiwa tupu, huku Bibi amesimama mbele yake amefunga mikono, kwa kuwa hakumwamini mtoto yeyote kwamba amemeza mpaka afunue kinywa na kuinua ulimi. Ladha yake wengi wenu mnaikumbuka, ni kama karanga iliyopikwa na mbao.

Naye aliwashuku wote. Mtoto akisaga meno usingizini ana minyoo, akidondosha mate kwenye mto ana minyoo, akiwa na mabaka meupe mashavuni ana minyoo, bwana harusi akikonda ana minyoo, bwana harusi akinenepa analisha minyoo, na Mchungaji utanisamehe, mwaka ule ulipokuja hapa mara ya kwanza ukala bakuli tatu za supu ya nguruwe, ni Bibi aliyekutumia zile mbegu zilizofungwa kwenye leso, ukadhani ni zawadi ya makaribisho.

Sasa sifa yake ilivukaje bahari? Mwaka 1970, baba yangu akiwa darasa la tatu, serikali iliagiza kila mwanafunzi alete shuleni choo chake kidogo ndani ya bahasha iliyoandikwa jina, ili kipimwe, na atakayekutwa na minyoo aitwe mbele ya darasa kumezeshwa dawa. Wengi mliomo humu mlikuwa darasa lile, msiinamishe vichwa. Asubuhi ya siku hiyo kuna waliojaribu wakashindwa, kuna waliosahau, kuna waliojijua wakaogopa kuitwa mbele, na wote, mmoja mmoja, walikuja kwenye choo chetu kumwomba baba yangu awasaidie, kwa kuwa ilijulikana kwamba mtoto wa Mjomba Gye-hwa ni msafi, naye usiku wake alikuwa amekula viazi vitamu vya kutosha, akawagawia kwa moyo mkunjufu. Majibu yalipotoka, madarasa mengine nusu yao wana minyoo, darasa la baba yangu hakuna hata mmoja. Afisa wa afya akaja kutoka mjini na uso wa kushuku, akamhoji mwalimu watoto hawa wanalishwa nini, mwalimu akaelekeza kidole kwenye mti wetu, na tangu hapo watu walikuja na mabasi kutoka pande zote za kisiwa kuomba mbegu. Kwa hiyo umaarufu wa Bibi ulitoka kwa baba yangu, na ulitokea wapi kwake sitasema, kwa sababu tuko mbele ya jeneza.

Lakini msicheke mkasahau jambo moja, kwamba bahasha zile zote zilikuwa safi kwa sababu mtoto mmoja kweli alikuwa safi, na huyo alikuwa ametafuna mbegu mwaka mzima. Kama zilikuwa mbegu au ni kule kunawishwa mikono kwa fimbo, mimi siapi.

Nifike sasa kwenye mti. Ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe meusi, katika uwanja wa Go, ulikuwepo mti mwingine wa bija, mkubwa kuliko wetu, ambao tangu kuumbwa kwake haukuwahi kuzaa hata mbegu moja. Bibi akauita Mjomba, kwa utani, kwa maelezo kwamba ni kama wajomba fulani wa kijiji hiki, anasimama mlangoni kila shughuli, anaangalia sufuria za watu, na hachangii kitu. Utani huo aliufanya nyumbani tu, na akina Go hawakuwahi kuusikia.

Mwaka 1979 Mjomba Go Tae-bong, ambaye baba yake alikuwa amefariki na kumwachia uwanja ule, aliuuza mti huo kwa fundi wa bara wa mbao za kuchezea baduk, kwa kuwa hakuna mbao inayopokea kete za mchezo ule kama bija, unaigonga inabonyea, kesho imejirudi yenyewe, na fedha hizo akanunulia miche ya machenza. Simlaumu, mti usiozaa na watoto wanaotaka ada, hata mimi ningeukata kabla ya chai. Ila mwaka uliofuata, na uliofuata tena, mbegu za mti wetu zilianza kupukutika zikiwa changa na tupu, mabasi yakaja yakarudi mikono mitupu, watu wakasema Mjomba Gye-hwa anaficha mbegu ili azipandishe thamani, wengine wakasema mizimu ya mama mkwe imemkasirikia kwa kuanza kwenda kanisani, na wengine wakamshinikiza awape badala yake magome ya mti mwingine wenye sumu, ule wa maua ya zambarau, aliyoyakataa kabisa, akiwaambia kwamba dawa ile humwua mnyoo na mwenye nyumba wake.

Ndipo alipotambua, mwenyewe bila kufundishwa na mtu, kwamba miti ya bija ina jike na dume, na kwamba yule Mjomba mvivu wa ng'ambo ya ukuta, aliyemcheka miaka yote, ndiye aliyekuwa mume. Akaenda ukutani kwa hasira, akamwona Tae-bong anapalilia machenza yake, akamwambia neno moja tu.

"Mmemwua Mjomba wangu."

Alikuwa anasema mti. Alisema mmemwua kwa sababu walikuwa wengi, Tae-bong na fundi na wapasua mbao. Lakini Tae-bong hakujua kwamba mti wake una jina. Alichosikia yeye, mtoto wa mzee Go, ni lile neno ambalo nyumba yao ililingoja kwa miaka zaidi ya thelathini, kwamba ninyi ndio mlioonyesha pango, ninyi ndio mliomwua Gil-su. Akaacha jembe lake chini, akaingia ndani, akafunga mlango, hakujibu.

Na Bibi, aliyekwenda pale kugombana juu ya mti, akauona ule mlango unafungwa, akawaza kama anavyowaza mtu wa tabia yake. Mtu asiye na hatia hujibu. Mtu ukimwambia umekata mti wangu atasema mti ni wangu mimi. Huyu kwa nini amenyamaza? Hivyo, ndugu zangu, shuku ambayo alikuwa ameizika akaifukua siku ile ile, na tangu mwaka 1981 hadi mwaka huu wawili hawa hawakusemeshana, nyumba mbili, ukuta mmoja, na wote mnajua kwamba Mjomba Tae-bong ndiye mkata nyama wa shughuli zote za kijiji hiki, kila harusi na kila msiba yeye ndiye anayegawa vipande, na Bibi alikuwa akipokea sahani yake, anageuza kila kipande kwa kijiti, anakinusa, anakilinganisha na cha jirani, kisha anakula chote.

Babu alifariki tarehe 22 Novemba 1991. Marehemu alibatizwa mwaka uliofuata jina la Anna, akaendelea na karoti zake, na zilipokuja dawa za vidonge za serikali alikuwa wa kwanza kupanga foleni, akakitazama kidonge kwenye kiganja chake kwa muda mrefu, akamwuliza muuguzi kitu kidogo hivi, gizani mle, kitaijuaje njia, kisha akakimeza, na hakuwahi tena kumwambia mtu kwamba mbegu zake ni bora kuliko vidonge, alisema tu kwamba vidonge havimpi mtu nafasi ya kufikiri alichokula.

Mti haukuzaa kwa miaka thelathini na minane. Kisha, vuli iliyopita, mwezi wa Oktoba 2018, Bibi alitoka uani asubuhi akakanyaga kitu, akainama, ilikuwa mbegu ya bija, nzima, nzito, na pembeni yake nyingine. Mtu mwingine angefurahi. Bibi aliniita mimi, akafunga geti, akaninong'oneza kwamba kuna mtu anaziokota mbegu hizi msituni na kuzitupa uani ili kumfanyia kejeli, na kwamba anamjua, na akaniweka nikae nyuma ya mtungi wa mchuzi wa soya kuvizia, mimi mtu mzima mwenye gari langu la mizigo na wateja wa karoti wakinisubiri. Nilivizia. Hakuna aliyekuja. Mbegu zilianguka zenyewe, moja ikanipiga kichwani. Nilipomwonyesha, aliivunja kwa meno, akatafuna, akautazama ukuta wa Go muda mrefu sana, na hilo lilikuwa jambo geni, kwa kuwa kwa kawaida alipoutazama ukuta ule alitema mate.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika tumbo mwishoni mwa Oktoba hiyo hiyo. Akajipima mwenyewe, akasema ni mnyoo, akasema ndiyo sababu Mungu ameurudisha mti, akaanza kutafuna mbegu mpya kila asubuhi, na alikonda, na sisi tukamwamini, kwa kuwa nani angebishana na Mjomba Gye-hwa juu ya tumbo. Shangazi Mi-ran alimpeleka hospitali kubwa mjini tarehe 14 Januari 2019, kwa ujanja, akimdanganya kwamba wanakwenda kununua viatu, na daktari akakuta uvimbe kwenye tumbo la chakula uliokwisha kusambaa. Bibi akamshuku daktari. Alimwuliza kama ameangalia vizuri, na kama uvimbe hauwezi kuwa mnyoo uliojikunja, na daktari yule kijana, Mungu ambariki, hakucheka, alikaa kitandani akamwonyesha picha, akamwambia, "Mjomba, huyu hana kichwa wala mkia, huyu ni nyama yako mwenyewe," na Bibi akasema basi huyo mbegu hazimjui.

Wale wenye matumbo, na ni wote humu, naomba mnisikie hapo. Ukiumwa wiki nzima nenda hospitali, mbegu utatafuna kwenye foleni.

Tarehe 11 Februari, akiwa na mpira wa hospitali mdomoni, alimshika shangazi mkono, nami nikiwepo, akasema maneno matatu. Alisema Mjomba, akapumzika, akasema mti, akapumzika, akasema kupewa. Hakuongeza neno tena, na tarehe 17 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na moja, alifariki dunia. Shangazi alielewa kwamba mti apewe Mjomba. Muuguzi alielewa hivyo hivyo. Habari ikatoka, na kabla hatujamleta Bibi nyumbani, Mjomba Bok-sun alikuwa ameshanikumbusha kwamba yeye na marehemu waliosha karoti pamoja, mjumbe wetu alikuwa ameshanikumbusha kwamba mjumbe ni Mjomba wa wote, na Mjomba mwingine, ambaye kwa miaka kumi hakumsalimia, alikuwa analia kwa sauti niliyoitilia mashaka.

Jana mchana nilikwenda nyuma ya ukumbi, Mjomba Tae-bong alikuwa anakata nyama, maana mkata nyama haulizwi kama mmepatana, akisikia msiba anakuja na kisu chake. Nilimtania kwamba leo amkatie Bibi kipande kinene, hatakinusa. Hakucheka. Akaniuliza kama ni kweli kwamba maneno ya mwisho yalikuwa matatu, nikamwambia ni kweli, akaniuliza Bibi alikuwa anamwita nani Mjomba, na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na kifuniko, nikamwambia Bibi alimwita kila mtu Mjomba, hata ule mti wako uliouza alikuwa anauita Mjomba, Baba anasema walikuwa wanaucheka tangu wadogo.

Kisu kikasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniuliza mti ulikuwa unaitwa hivyo tangu lini, nikasema tangu zamani, kabla Baba hajaanza shule. Akakaa kwenye ndoo aliyokuwa ameipindua, akaupapasa ubao wa kukatia nyama, akaniambia ubao huu ni wa sehemu ya juu ya kisiki cha mti ule, kipande ambacho fundi alikikataa kwa sababu ya fundo, na kwamba kila kipande cha nyama alichokula bibi yako kwangu kimekatiwa juu ya Mjomba wake.

Kisha akanieleza yaliyobaki. Kisiki kilichobaki ardhini kilichipua. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa anakikata kichipukizi kila majira ya kuchipua, kwa sababu kukiona kulimkumbusha ukuta, halafu mwaka aliokufa babu yangu alichoka kukata, akakiacha kikue katikati ya mierezi aliyopanda kuzuia upepo, na hakuna aliyekiona. Mwanzoni mwa mwaka 2017 akaikata mierezi. Upepo ukapita. Ndugu wageni, mbegu ya bija huchukua vuli mbili kukomaa, hesabuni wenyewe. Nilimwuliza aliikata mierezi kwa ajili ya banda lake jipya la nailoni la machenza au kwa ajili ya Bibi, akanijibu machenza yanataka jua, na mimi hapo ninamshuku, na nitaendelea kumshuku.

Nilipomwambia kwamba Bibi pale ukutani alikuwa anasema mti, alikilaza kisu juu ya ubao.

"Wewe mtoto una mdomo mkubwa kuliko kisu changu, kwa hiyo lisome na hili," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu baba yangu sikumwuliza. Miaka yote niliyokaa naye, sikumwuliza. Niliogopa angenijibu."

Nimelisoma, Mjomba. Kama mzee Go alionyesha pango au hakuonyesha, waliojua wamelala, na historia hii haitamtia mtu hatia wala haitamsafisha. Wala siwezi kuapa kwamba Bibi, siku ile ukutani, alikuwa anasema mti peke yake. Nilimjua. Alikuwa na uwezo wa kumshuku mtu kwa mambo mawili kwa neno moja.

Lakini maneno matatu ya mwisho tumekaa tumeyapima, Baba, Shangazi na mimi, na mnajua lugha yetu ya kisiwani, viungo vya maneno hudondoka njiani kama mbegu kwenye kapu lililotoboka, sembuse kwa mtu mwenye mpira mdomoni. Mjomba, mti, kupewa. Ninyi mlisikia Mjomba apewe mti. Sisi sasa tunaamini alisema mti upewe Mjomba, dume lake, lisikatwe tena. Mbegu ile alipoitafuna aliutazama ukuta, akajua kuna nini upande wa pili, na akafa bila kumwambia mwenye ukuta kwamba anajua, kwa kuwa alikuwa Bibi.

Kwa hiyo jina mlilolingoja ni hilo. Mti wetu hauendi kwa mtu, hauuzwi, na haupimwi, na yule bwana mwenye vidole virefu anaweza kula nyama yake kwa amani kisha akawahi ndege. Naye Mjomba Go Tae-bong, ambaye namwomba asimame pale mlangoni, asiogope, akiwa na kisu hivyo hivyo, ameahidi mbele ya Baba kwamba ule wa kwake hautaguswa na shoka maisha yake na ya wanawe. Asante, Mjomba. Unaweza kurudi kwenye nyama.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi waliovumilia maswali ya marehemu, kwa majirani waliopika na kusafisha, kwa wenzake wa banda la karoti, ambao leo wamekuja na aproni zao mpya, kwa Mchungaji na washirika wa kanisa, na kwa darasa la baba yangu la mwaka 1970, maana bila ushirikiano wenu marehemu asingejulikana.

Mbegu za vuli iliyopita hazikwisha. Shangazi amezikaanga asubuhi ya leo, na kila mmoja wenu atazikuta mbili tatu pembeni ya sahani yake. Msiziweke mfukoni. Tafuneni kabla ya nyama, tumbo likiwa tupu, kwa kuwa marehemu aliondoka akiwa na hakika kwamba kila mmoja wenu ana minyoo.

Pumzika sasa, Bibi, na uwe na amani. Midomo tutafunua, na ndimi tutainua.